Hukumu ya Mwenye Kununua Cha Kale

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliye Mrithi wa ardhi na vyote vilivyo juu yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad:

SUALA. Mtu aliyeruzukiwa mali ameona katika mji wa pwani jumba la zamani lililojengwa kwa biashara ya motokaa. Mlango wake ni mpana wa kupitisha gari, madirisha yake ni makubwa ya vioo, na jina la mwenye duka limeandikwa kwa saruji juu ya mlango. Akalipenda. Kisha akapata khabari ya motokaa ya zama zile zile, ya namna ile ile iliyokuwa ikiuzwa humo. Sasa ataka kununua vyote viwili, airudishe motokaa mahali pake, wapitao njia waone mambo yalivyokuwa. Je, yajuzu? Na ikiwa yajuzu, je, jambo hili ni zuri mbele ya Mwenyezi Mungu?

JAWABU. Suala la kwanza ni jepesi na la pili ni zito. Wengi wakisikia kwamba jambo ni halali huondoka upesi wasingoje maneno ya pili, na huko kuondoka upesi ndiko kunakowatia watu katika dhuluma wasiyoijua. Yapasa basi kuyatazama yote mawili kwa utaratibu. Na kwa desturi ya vitabu vya fiqhi, mnunuzi ataitwa Zaid na muuzaji ataitwa Amru.

Wala jambo hili si la kudhania tu. Katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, nchi ya Marekani, lipo jumba lililojengwa mwaka 1917 kwa kuuzia motokaa za Packard. Motokaa za jina hilo zilikoma kutengenezwa mwaka 1958, jumba likabaki. Mwaka 1992 likafunguliwa kuwa makumbusho, na motokaa za Packard zikarudi kusimama mahali zilipokuwa zikiuzwa. Katika mji wa Auburn, jimbo la Indiana, jumba la kampani ya motokaa lililojengwa mwaka 1930 limekuwa makumbusho tangu mwaka 1974. Na karibu zaidi, mjini Nairobi, yalianzishwa mwaka 1970 mashindano ya motokaa, za kale na za sasa, zikapambwa na kuhukumiwa kwa usafi na uzima wake.

Huku pwani ya kusini motokaa ilikuja kwa taabu. Kusini ya Mto Rufiji njia ilikuwa ikikatika kwa mvua ya masika, na gari zilivushwa kwa pantoni pale Ndundu mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Tangu mwaka 1947 hata 1951 Waingereza walileta matrekta na malori kwa mashamba ya karanga ya Nachingwea. Mpango ukaanguka, chuma kikabaki. Ama majumba ya kale hayakosekani. Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani yapo majumba ya mawe ya wafanyi biashara, mengine yakaliwa na watu, mengine miti imeota kutani. Kwa hiyo mwenye kupenda cha kale atapata cha kununua, na suala hili lawahusu watu wa hapa kama linavyowahusu watu wa mbali.

FASLU YA KWANZA: Je, ukale ni mali?

Imamu Nawawi ametaja katika Minhaji masharti ya kitu kinachouzwa: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiwezekane kukabidhiwa, kiwe katika milki ya muuzaji au mamlaka yake, na kijulikane na wote wawili. Jumba lina manufaa, hapana mwenye kukataa. Lakini yuko atakayesema: motokaa ya zamani isiyokwenda, au iendayo siku moja na kulala mwezi, ina manufaa gani? Je, si fedha iliyotupwa baharini?

Huyo ajibiwe kwa maneno ya wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii katika sharti hili hili. Wamesema yajuzu kumwuza tausi kwa sababu ya furaha ya kutazama rangi yake, na ndege mwenye sauti nzuri kwa sababu ya kusikiliza sauti yake, ijapokuwa haliwi wala hapandwi. Basi furaha ya macho iliyo halali ni manufaa. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nahli ametaja farasi na nyumbu na punda kuwa ni vipando na ni pambo pia, kisha akataja kuwa Yeye huumba wasivyovijua watu. Pambo limetajwa pamoja na kipando, wala halikulaumiwa.

Tena thamani ya kitu hufuata haja na raghba ya watu. Jembe jipya lazidi jembe kuukuu, kwa kuwa wanaolitaka walitaka kulima. Msahafu ulioandikwa kwa mkono wa khatati wa kale wazidi msahafu wa chapa, na maneno ni yale yale. Kwa hiyo Zaid akitoa mali nyingi kwa motokaa ya kale kwa kuwa ni ya kale, mkataba wake ni sahihi, wala haambiwi kuwa amenunua hewa.

Walakini hapa pana nukta ambayo maneno yote ya baadaye yamejengwa juu yake. Ukale ni sifa, si kitu. Weupe hauuzwi bila ya nguo, na ukale hauuzwi bila ya jiwe na chuma. Alichomiliki Zaid ni kuta na mlango, na injini na magurudumu. Ama jasho la waashi waliojenga, na uaminifu wa mwenye duka wa kwanza, na heshima aliyokuwa nayo katika mji, hayo hayakuingia katika mkataba, kwani Amru hakuyamiliki hata ayauze. Mtu aweza kununua kiti cha kadhi aliyekufa. Hawezi kununua uadilifu wake. Mwenye kusahau nukta hii huketi katika jumba la wengine akajiona yeye ndiye wao. Na mwenye kuikumbuka hujua kwamba amekuwa mlinzi wa kitu kilichokuwako kabla yake na kitakachobaki baada yake, akipenda Mungu.

Na ajihadhari Zaid na jambo jingine. Kwa kuwa thamani ya ukale ni raghba, bei yake haina kipimo kama bei ya mchele. Nawawi amesema kwamba aliyenunua kipande cha kioo akidhani ni johari hana khiyari ya kurudisha kwa sababu ya kupunjika tu, kwani yeye ndiye aliyezembea asiulize. Basi na aulize mafundi waaminifu na watu wazima wa mji kabla ya kusema "nimenunua". Na kama bei imepandishwa na watu waliopangwa na dalali kujifanya wanunuzi, hao wamefanya najshi, nayo ni haramu iliyokatazwa na Mtume (s.a.w.).

FASLU YA PILI: Kuona, na kuficha

Katika kauli iliyo dhahiri zaidi ya madhehebu, haisihi kuuza kitu ambacho hakikuonwa na mmoja wa wenye kufunga mkataba. Na kuona kila kitu ni kwa namna yake. Katika nyumba wametaja kuona vyumba, na dari, na sakafu ya juu, na kuta, na mahali pa kuogea, hata shimo la maji machafu. Leo mtu aliyeko Maskati au Dar es Salaam huletewa picha katika simu, akapeleka fedha, akasema amenunua jumba Lindi. Picha si jumba. Picha haionyeshi ufa ulio nyuma ya kabati wala harufu ya unyevu. Asiyeweza kuja na amweke wakili mwaminifu aone kwa niaba yake na anunue kwa niaba yake. Hilo lajuzu bila ya shaka.

Ajue pia ni nini kinachoingia katika mauzo ya nyumba. Wamesema huingia ardhi, na majengo yote, na milango iliyosimamishwa pamoja na vitasa na pete zake, na rafu na ngazi zilizopigiliwa, na ufunguo wa kufuli iliyotiwa mlangoni. Wala haviingii vinavyohamishwa, kama ndoo na kitanda. Basi jina la duka lililojengewa ukutani ni la Zaid. Meza, vyombo vya fundi na madaftari ya kale yaliyomo kabatini si yake, ila yakitajwa. Na motokaa iliyosimama ndani ya jumba haiingii kwa kusema "nimekuuzia jumba na kila kilicho chake", kwani motokaa si ya jumba. Hutajwa kwa jina lake na sifa zake. Watu wangapi wamegombana mpaka wakafikishana mbele ya hakimu kwa neno moja lililoachwa kusemwa siku ya kuuziana!

Sasa kuficha. Jumba la saruji la karibu na bahari lina maradhi yake. Chumvi huingia katika saruji, nondo zilizo ndani zikapata kutu, kutu ikavimba, saruji ikapasuka na kumeguka. Muuzaji asiyemcha Mungu hupaka lipu mpya na chokaa, jumba likang'aa mwezi mmoja. Na majumba ya mawe ya matumbawe yana maradhi mengine: kuta zake zilijengwa kwa chokaa, nayo huachia unyevu utoke, akija mtu akazipaka saruji ngumu, unyevu hufungwa ndani na ukuta ukaoza taratibu nyuma ya uso mzuri. Motokaa ya kale nayo ni hivyo hivyo. Kutu huila chini, penye miguu na penye milango. Matundu yakazibwa, rangi ikapakwa, na jicho likadanganyika.

Sheria imeujua udanganyifu huu kabla ya kuwako saruji na motokaa. Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga mnyama chuchu siku nyingi ili mnunuzi aone kiwele kimejaa maziwa. Wanavyuoni wakapima juu ya hilo kila upambaji wa kudanganya, kama mtu kuyazuia maji ya mto wa kinu ili siku ya kuuza yafunguliwe yaende kwa nguvu. Mnunuzi akigundua ana khiyari. Rangi mpya juu ya kutu ni katika mlango huo huo. Na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya chakula sokoni akakuta umajimaji ndani, mwenye chakula akatoa udhuru wa mvua, Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akajulisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika mwendo wake.

Amru atasema: "Mimi nimemwuzia kama ilivyo, nimejitoa katika kila aibu." Kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba sharti hilo humwokoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua, wala halimwokoi katika kitu kingine. Motokaa si mnyama. Na ikiwa Amru alishurutisha kwamba injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, kisha namba zikaonekana kuwa mbali mbali, Zaid ana khiyari kwa kukosekana sharti. Tena, jumba na motokaa vikiuzwa kwa mkataba mmoja na muuzaji mmoja, kisha aibu ikaonekana katika motokaa peke yake, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi Zaid hana ruhusa kurudisha motokaa na kushika jumba, ila kwa ridhaa ya Amru. Atarudisha vyote au atashika vyote. Kwa hiyo mwenye busara hufunga mikataba miwili, kila kimoja kwa bei yake. Wala asitoe arubuni kwa sharti ya kuwa akighairi imepotea. Mauzo ya arubuni kwetu hayasihi.

FASLU YA TATU: Haki zilizo nyuma ya ukuta

Haya yaliyopita ni baina ya Zaid na Amru. Lakini jumba la kale katika pwani hii halina wawili tu. Babu alijenga, akafa, watoto wakafa, wajukuu wametawanyika Lindi, Tanga, Unguja, Mombasa na Arabuni, mirathi haikugawanywa, na ufunguo umebaki kwa mmoja aliyekaa mjini. Huyo mwenye ufunguo ndiye anayejiita mwenye jumba. Zaid akimwuliza, "Nani mwenye mali?" asema, "Ni mimi." Na Zaid apenda kuliamini jawabu hilo, kwa kuwa macho yake yako juu ya madirisha ya vioo.

Hebu utazamwe mfano. Baba amekufa akamwacha Amru na dada yake tu. Jumba ni la urithi: theluthi mbili za Amru, theluthi moja ya dada. Motokaa ni ya Amru, aliinunua kwa mali yake. Jumba thamani yake shilingi milioni 90, motokaa milioni 30. Amru akauza vyote kwa mkataba mmoja kwa milioni 120, dada asiulizwe.

Hukumu yake ni hii. Theluthi ya dada, nayo ni milioni 30, haikuuzwa. Katika kauli mpya ya Imamu Shafii mauzo ya asiye na mamlaka ni batili, hata mwenye mali akiridhi baadaye. Akiridhi, na ufungwe mkataba mwingine naye. Yaliyobaki yasihi kwa fungu lake katika bei, yaani milioni 90. Zaid kama hakujua ana khiyari: avunje, au ashike kwa milioni hizo 90. Akishika, dada huyo ni mshirika katika jumba, naye ana haki ya shufaa, maadamu jumba ni kubwa la kuweza kugawanywa na kila upande ukabaki na manufaa yake. Akiitaka haki yake mara apatapo khabari, atatoa milioni 60, achukue theluthi mbili za nduguye, na jumba zima liwe lake. Shufaa haiingii katika motokaa, kwa kuwa ni kitu cha kuhamishwa. Zaid atabaki na motokaa yake ya milioni 30, njiani, bila ya jumba. Wala hana wa kumlalamikia, kwani wanavyuoni wamesema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyejiingiza katika kutengwa huko.

Mwenye kusoma mfano huu asicheke. Dada huyu yuko katika kila mtaa. Pengine hajui kwamba baba aliacha jumba. Pengine ajua, akaambiwa kwamba mwanamke aliyeolewa hana haja ya kuta. Pengine badala yake yuko yatima asiye na ulimi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nisaa amewaonya walao mali ya yatima kwa dhuluma kwamba wala moto matumboni mwao. Motokaa iking'aa namna gani, mwanga wake haufuniki moto huo. Basi Zaid asiridhike na karatasi moja na muhuri. Na aulize wazee wa mtaa, na aulize mirathi kwa kadhi, na awatafute wanawake wa nyumba ile kwa majina yao.

Na aulize pia kama jumba ni wakfu. Maduka mengi ya pwani yaliwekwa wakfu ili kodi yake iwe mafuta ya taa za msikiti na posho ya mwalimu wa chuo. Cha wakfu hakiuzwi, hakitolewi hiba, hakirithiwi. Akiona kodi yake ilikuwa ikipelekwa msikitini miaka mingi, hiyo ni alama ya kumsimamisha asiendelee mpaka apate yakini.

Serikali nayo ina amri yake. Kwa sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, majengo ya kabla ya mwaka 1863 yamo katika ulinzi, na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 imo pia. Jumba la motokaa si la zamani hivyo, lakini huenda limeungana na nyumba iliyo ya zamani hivyo, au mlango wake wa nyuma ukawa wa nakshi. Kutii amri yenye maslaha kwa watu ni wajibu, na kung'oa mlango wa babu usiku na kuupakia jahazini ni khiyana juu ya khiyana.

Yako pia haki ya waliokufa, nayo ni kusema kweli juu yao. Majumba ya Kivinje hayakujengwa yote kwa biashara safi. Katika karne ya 19 Kivinje ulikuwa mwisho wa misafara ya bara, na waliopakiwa majahazini humo hawakuwa pembe za ndovu tu, bali wana wa Adamu pia. Katika vita vya Majimaji, mwaka 1905 hata 1907, Wadachi waliwatundika watu mji ule ule. Na hata jumba la motokaa lina khabari zake: nani aliruhusiwa kuingia akakaa juu ya kiti cha ngozi, na nani aliingia na ndoo kusugua magurudumu. Mwenye kuhifadhi jumba na ahifadhi khabari yake yote. Akionyesha vioo na kuficha ndoo, huyo ametoa ushahidi nusu, na ushahidi nusu ni uwongo mzima.

FASLU YA NNE: Moyo na mfuko

Ikiwa yote hayo yametimia, mkataba ni halali na hapana aliyedhulumiwa. Limebaki suala la pili, na mahakama yake ni kifua cha Zaid.

Mtu alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mwenye kupenda nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na hupenda uzuri. Ama kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi mpaka umewekwa. Kupenda kitu kizuri, kukisafisha, kukitunza kisiharibike, si kiburi. Kiburi huanza pale Zaid anapomtazama jirani yake mwenye baiskeli akaona kwamba yeye Zaid ameongezeka umbile kwa sababu ya chuma cha mtu mwingine.

Qurani imempiga Karuni kuwa mfano. Sura ya Kasasi yaeleza kwamba aliwatokea watu wake katika pambo lake. Wapendao dunia wakatamani wangekuwa na mfano wake. Wenye elimu wakawaambia kwamba thawabu za Mungu ni bora. Kisha ardhi ikammeza yeye na nyumba yake. Pambo la kutokea nalo barabarani, na nyumba: vyote viwili vimetajwa, na vyote viwili havikumfaa. Na Nabii Hudi, katika Sura ya Shuaraa, aliwalaumu watu wake kwa kujenga kila mahali pa juu alama ya upuuzi, na kufanya majengo kama kwamba wataishi milele. Lakini Mwenyezi Mungu huyo huyo amewaamuru watu watembee katika ardhi watazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Watatazama nini, kama kila cha kale kimebomolewa? Basi jengo moja laweza kuwa alama ya upuuzi au laweza kuwa mazingatio, na kinachopambanua ni nia ya mwenyewe na matumizi yake.

Nia hiyo ina hukumu hata katika zaka. Zaid akinunua jumba na motokaa kwa kutumia na kutunza, hapana zaka juu yake, hata thamani ikipanda. Lakini kama siku ya kununua alinuia kungoja bei ipande auze, hizo ni mali za biashara. Kila mwaka wa mwezi ukitimia atazitia bei, na ikifika nisabu atatoa robo ya ushuri: katika milioni 120, milioni 3. Wako wasemao mbele ya watu, "Naipenda historia," na moyoni wangoja bei. Mbele ya watu waweza kupita. Zaka iko shingoni mwao.

Na mfuko una haki zilizotangulia: deni lililofika wakati wake, nafaka ya mke na watoto na wazazi mafakiri, zaka ya mali. Mwenye kuacha haya akanunua cha kupendeza macho amefanya israfu, ijapokuwa bei ilikuwa ndogo. Na mwenye kukopa kwa riba ili akamilishe motokaa na jumba lake, amejenga pambo juu ya vita na Mwenyezi Mungu na Mtume wake, kama ilivyo katika Sura ya Bakara. Bei ya kulipa kwa muda yajuzu, ikiwa ni bei moja iliyokatwa na muda uliojulikana.

Watu wa pwani hii hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mazingatio. Katika kisiwa cha Kilwa liko gofu la Husuni Kubwa, kasri ya Sultani Hasan bin Sulaiman, yenye birika la pembe nane likitazama bahari. Ibn Batuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba watu wake ni wa madhehebu ya Imamu Shafii, na kwamba Sultani huyo aliitwa Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa. Akaeleza jinsi alivyomwona Sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa, fakiri wa Yemen akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani hakusema "njoo kesho". Alirudi msikitini, akaingia chumba cha khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa. Kisha akataja kwamba alipokufa, nduguye Daudi alishika mahali pake, naye akijiwa na mwombaji husema kuwa mtoaji amekwisha kufa.

Daudi alirithi kasri. Hakurithi kipawa, kwani kipawa hakirithiwi wala hakinunuliwi pamoja na kuta. Kasri ile haikukaliwa muda mrefu, na mwaka 1505 Wareno wakauteka mji. Magofu ya Kilwa yaliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyatengeneza. Mawe yahitaji wahunzi na waashi na fedha ili yasianguke. Nguo ile moja aliyopewa fakiri haikuhitaji fundi, na mpaka leo yatajwa.

KHATIMA

Hukumu iliyokusanya haya ni kwamba kununua jumba la kale na motokaa ya zama zake ni halali, nayo huwa sunna njema au dhambi kwa mambo yanayofuatana nayo. Kama Zaid amepata yakini ya wenye mali, ameona alichonunua, amelipa bila ya riba, na ametoa haki zilizo juu yake, basi na anunue, na atengeneze kwa mafundi wa mji wake, na awalipe kabla jasho lao halijakauka. Boma la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, lilikuwa gofu. Likatengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na jumuiya ya hisani ya Kiingereza iitwayo Trade Aid, na vijana wa mji wakapata humo mafunzo na kazi. Ikiwa wageni wamelitilia jengo la serikali ya Wadachi manufaa ya watu wa pwani, Mwislamu wa pwani ana udhuru gani katika jumba la mtaani kwake? Nyuma ya chumba cha madirisha pana nafasi ya vijana kujifunza ufundi wa injini. Kodi ya chumba kimoja yaweza kuwekwa wakfu kwa chuo. Na motokaa yenyewe, siku inapokwenda, yaweza kumchukua mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea mpaka msikitini.

Na kila apandapo, na asome dua ya kipando iliyotajwa katika Sura ya Zukhruf, ambayo mwanzo wake ni kumtakasa Aliyetudhalilishia kipando hicho, na mwisho wake ni kukiri kwamba sisi ni wenye kurejea kwa Mola wetu. Mwenye duka wa kwanza aliuza motokaa, akarejea. Waliozinunua walizipanda, wakarejea. Jumba limebaki na motokaa imebaki, navyo vitaulizwa kwa Zaid: alivipata vipi, na kwa haki ya nani.

Ewe Mola, turuzuku halali, utupambie mioyo kabla ya nyumba, na uwarudishie wenye haki haki zao. Wallahu aalamu. Wa sallallahu ala Sayyidina Muhammad wa alihi wa sahbihi wa sallam.